Ubaguzi wa kijinsia Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutufikia kila wakati, kuanzia Kilolo na Mufindi hadi Mbarali, Rungwe na Kyela. Huulizwa kwenye mikutano ya kijiji, kwenye vikoba, nje ya kanisa baada ya ibada, na mengine kwa simu usiku watoto wakishalala. Tumeyaacha kama yanavyoulizwa, hata yale yanayoulizwa kwa hasira.

Hivi kweli, zama hizi, ubaguzi dhidi ya wanawake bado ni tatizo kubwa?

Ndiyo, na huku kwetu umejificha zaidi shambani. Watu wengi wakisikia habari za ubaguzi wa kijinsia hufikiria matusi, au bosi anayemsumbua mfanyakazi wake. Hayo yapo. Lakini ukitaka kuona unavyofanya kazi Mbeya, Iringa au Njombe, angalia nani analima, nani anauza, fedha ya mauzo inakaa kwa nani, na jina la nani limeandikwa kwenye karatasi ya shamba. Jibu hayo manne kwa kaya unazozifahamu mtaani kwako, halafu uendelee kusoma.

Rais ni mwanamke, na Mbeya imetoa Spika mwanamke. Mnalalamikia nini tena?

Hatuyapuuzi hayo hata kidogo. Anna Makinda wa Njombe aliongoza Bunge kuanzia 2010 hadi 2015, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho nchini. Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais tarehe 19 Machi 2021. Dkt. Tulia Ackson, aliyeshinda ubunge wa Mbeya Mjini mwaka 2020, akawa Spika Februari 2022, na Oktoba 2023 akachaguliwa kuongoza Umoja wa Mabunge Duniani. Mtoto wa kike wa Tukuyu anayewaona hawa kwenye televisheni anajua jambo ambalo bibi yake hakulijua.

Ila mwanamke mmoja kukalia kiti kikubwa hakumpi jirani yako shamba. Mama anayelima mpunga Usangu hadhulumiwi na Ikulu. Anadhulumiwa na shemeji yake, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji anayewafahamu wote wawili. Kwa hiyo tunafurahia viongozi wetu na bado tunauliza kuhusu shamba.

Shamba lina tatizo gani? Si mume na mke wanalima pamoja?

Kulima wanalima pamoja. Tatizo huanza siku ya kuuza.

Nenda kwenye mashamba ya viazi mviringo Njombe msimu wa kuvuna. Utamkuta mama ameinama tangu alfajiri, jembe mkononi, mtoto mgongoni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Anachimbua, anachambua vikubwa na vidogo, anajaza magunia. Saa tano dalali anafika na pikipiki. Anamsalimia vizuri tu, "Kamwene mama," kisha anauliza: "Mzee yuko wapi?" Mama anamwonyesha njia ya kilabuni au ya sokoni. Bei inapangwa huko. Gari likija kupakia, mama ndiye anayeongeza viazi juu ya gunia lililojaa mpaka liwe lumbesa, halafu gari linaondoka. Bei iliyokubaliwa anaweza kuisikia kwa jirani.

Dalali huyo hana chuki na mama. Anafuata utaratibu alioukuta, na ndiyo maana jambo hili ni gumu kulishika: hakuna aliyetukana wala aliyepiga. Lakini jasho la miezi minne limeuzwa na mtu mwingine, kwa bei ambayo mwenye jasho hakuulizwa.

Mazao nayo yamegawanywa kimyakimya. Parachichi, miti ya mbao, chai na kahawa, yaani mazao yenye fedha nene na ya kudumu, huhesabiwa kuwa ya baba. Maharage, mboga na ndizi za kula ni ya mama. Na bustani ya mboga ikianza kulipa, mara nyingi hubadilisha mwenyewe. Tumeona wanawake wakianzisha nyanya za kumwagilia, na msimu wa tatu, bei ikishapanda, baba ndiye anayekwenda kuongea na wanunuzi wa Ilula.

Nyumba nyingi hawafanyi hivyo, tunashukuru. Wapo wanaokaa mezani na daftari, mume, mke na hata watoto wakubwa, wakagawa fedha ya mahindi mbele ya wote. Tunawaalika watu kama hao waongee mikutanoni kuliko tunavyoalika wataalamu.

Mbona mnaunganisha udumavu wa watoto na mambo ya jinsia? Huo si ukosefu wa elimu ya lishe?

Hili tunaomba ulisome polepole, maana ni aibu ya mikoa yetu na majibu yanayotolewa mengi hayatoshi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto wa chini ya miaka mitano, waliodumaa nchini kote ni asilimia 30 hivi. Iringa ni takribani asilimia 57. Njombe, asilimia 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Malori ya mahindi, viazi na mboga yanateremka mlima Kitonga kila siku kwenda Dar es Salaam, na nyuma yake yanaacha watoto wafupi kwa umri wao, ambao akili zao nazo zimeguswa.

Kila kampeni inapokuja, anayeitwa kliniki na kufundishwa ni mama. Afundishwe makundi ya vyakula, afundishwe uji wa lishe, afundishwe kunyonyesha miezi sita bila kumpa mtoto kitu kingine. Mafunzo ni mazuri na tunayaunga mkono. Lakini mfuate mama huyo nyumbani. Ametoka shambani saa kumi na moja jioni, shamba lenyewe liko kilomita kadhaa, mtoto ameachwa na dada yake wa miaka saba na sufuria ya ugali wa asubuhi. Maji hayajachotwa. Kuni hazijakatwa. Mayai ya kuku yameuzwa kununua sabuni. Fedha ya mahindi haipo mikononi mwake. Somo la makundi ya vyakula litaingia wapi?

Udumavu una sababu nyingi: ugali usio na kitu cha maana pembeni, maji machafu, magonjwa ya kuhara, mimba za utotoni, mama mwenyewe kula vibaya akiwa mjamzito. Lakini mzigo wa kazi wa mama na fedha kukaa mbali naye vimepita katikati ya sababu hizo zote. Kumlaumu mama kwamba hajui kulisha wanawe, huku baba haitwi hata kwenye kikao, huo ndio ubaguzi wenyewe tunaouzungumzia. Wakiitwa wote wawili, na mume akakubali kubeba maji na kuacha fedha ya mayai nyumbani, mtoto huonekana tofauti kwenye mizani ya kliniki.

Sheria inasemaje kuhusu mwanamke na ardhi?

Sheria iko upande wake, na iko hivyo tangu 1999. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka huo, zinasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kugawa ardhi sawasawa na mwanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki hiyo. Halmashauri ya kijiji inapopokea ombi la ardhi la mwanamke hairuhusiwi kulishughulikia kwa namna duni kuliko la mwanaume. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake.

Sheria ya Ardhi inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: mwenzi aliyechangia kwa nguvu zake katika kuzalisha, kutunza au kuendeleza ardhi iliyosajiliwa kwa jina la mwenzake anahesabiwa kuwa amejipatia haki katika ardhi ile. Palizi unayopiga ina uzito mbele ya sheria. Na nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi mwingine. Hilo limo kwenye Sheria ya Ndoa tangu 1971.

Kama sheria ni nzuri hivyo, kwa nini bado wanawake hawana ardhi?

Kwa sababu ardhi nyingi huku haipatikani kwa kuomba kijijini. Hupatikana kwa baba kumpa mwana. Makabila yetu mengi, Wahehe, Wabena, Wakinga, Wanyakyusa, Wasafwa, Wasangu, hufuata ukoo wa baba. Binti anahesabiwa kuwa ni wa kuondoka, na akishaolewa anahesabiwa kuwa ni wa kuja. Kwao hapewi kwa sababu ataolewa, kwa mume hapewi kwa sababu ni mgeni. Mzee anayegawa mashamba kwa wanawe wa kiume peke yao hajisikii kuvunja sheria yoyote. Anafanya alichofanyiwa.

Wapo wazee walioanza kubadilika, hasa wale ambao wamezeeka wakitunzwa na binti. Tungependa wasisubiri mpaka wakati huo.

Mume wangu amefariki na ukoo unataka shamba. Nifanye nini?

Pole sana, mama. La kwanza: usiondoke. Usikubali kwenda "kupumzika kwenu kwa muda" kabla mirathi haijafunguliwa, hata ukiombwa kwa upole. Ukishatoka, kurudi ni vita.

La pili, kusanya karatasi mapema: cheti cha kifo, cheti cha ndoa kama kipo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karatasi yoyote ya shamba, risiti za mabati na saruji, hata picha za ujenzi. Zitoe nyumbani uzihifadhi kwa mtu unayemwamini.

La tatu, mirathi ifunguliwe mahakamani. Kwa familia nyingi za vijijini huanzia Mahakama ya Mwanzo. Mara nyingi huombwa muhtasari wa kikao cha familia unaopendekeza msimamizi. Hudhuria kikao hicho, na usisaini wala kuweka dole gumba kwenye muhtasari ambao hujasomewa. Wewe mwenyewe unaweza kuwa msimamizi wa mirathi. Msimamizi, awe nani, si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wanaostahili na kurudisha hesabu mahakamani. Akila mali, mahakama inaweza kumwondoa.

La nne, tenganisha mambo mawili unapojieleza. Kipo kile ulichochuma na mumeo, na kipo alichoacha yeye. Eleza tangu mwanzo ni nini mlikijenga na kukilima wote. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kesi ile ilikuwa ya talaka, lakini hoja yake ya mchango imewasaidia wanawake wengi tangu hapo.

Tusikudanganye: bado ipo sheria ya zamani inayokukaba. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 linasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa mume ameacha ndugu, na fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mabinti wanawekwa daraja la tatu la warithi. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga sheria hiyo hadi ikafika kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikaiambia Tanzania iirekebishe. Wazee wa ukoo wakikusomea tangazo hilo, usiende peke yako. Tafuta msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao kwako ni bure.

Tuliishi miaka mingi bila kufunga ndoa. Nina haki?

Unayo nafasi nzuri. Mwanaume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mume na mke, Sheria ya Ndoa inachukulia kwamba wameoana, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Majirani, mjumbe na viongozi wa jumuiya ndio mashahidi wako.

Kupiga goti ninapowasalimia wakwe ni ubaguzi?

Swali hili huulizwa sana Rungwe na Kyela, na wanaouliza wengi wana wasiwasi kwamba tutawaambia waache. Hatuwaambii. Salamu ni uzuri wa watu wetu, na mwanamke anayepiga goti mbele ya mama mkwe wake kwa upendo hana cha kujitetea.

Lakini tuulizane. Je, mkwe wa kiume naye huinama akifika kwenu? Je, mwalimu mkuu mwanamke anayerudi kijijini kwake anatarajiwa kupiga goti mbele ya kijana aliyemfundisha mwenyewe, kwa sababu tu kijana ni mwanaume? Heshima kwa umri tunaielewa sote. Heshima inayokwenda upande mmoja daima, bila kujali umri wala mchango wa mtu, hiyo ijadiliwe na familia zenyewe. Hatutaki iamuliwe na watu wa semina.

Biblia inasema mume ni kichwa. Ninyi mnapingana na Neno?

Huku ni kwetu kwa Wamoraviani, Walutheri na Wakatoliki, na wengi wetu tunaofanya kazi hii ni waumini. Mistari iliyo jirani na huo inamwagiza mume ampende mke kama mwili wake mwenyewe, tena hadi kujitoa kwa ajili yake. Mhubiri anayeukazia mstari mmoja na kuruka unaofuata amechagua. KKKT, yaani kanisa la Kilutheri, imekuwa ikibariki wachungaji wanawake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na waumini wanapokea ushirika mikononi mwao bila shida.

Hatujawahi kukuta andiko linaloruhusu fedha ya viazi iishie kwenye pombe ya ulanzi.

Mambo haya si ya kuletewa na wazungu? Mila zetu hazikuwa na shida.

Mila zetu zilikuwa na mengi, mazuri na magumu. Lakini baadhi ya tunachokiita mila ni kigeni kuliko watu wanavyodhani. Wakati wa ukoloni wanaume wa Ubena walikwenda kukata mkonge kama manamba, Wanyakyusa wakaenda migodini, Chunya na hadi nje ya mipaka, ili kupata fedha ya kodi na mahitaji. Wanawake walibaki wakiendesha mashamba na kaya kwa miaka. Mazao ya biashara yalipoingia, aliyeandikishwa kama mkulima alikuwa mwanaume.

Na kabla ya hapo? Jirani zetu Wangoni walikuwa na Nkomanile, mwanamke aliyekuwa nduna, kiongozi aliyesikilizwa. Wajerumani walimnyonga Songea mwaka 1906 kwa kushiriki vita vya Majimaji. Hawakumwona mdogo kiasi cha kumwacha.

Kumpiga mke kidogo kwa kumrekebisha ni kosa?

Ni kosa, na hakuna kidogo. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wakiwa na miaka 15. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 27. Huko ni kushuka kwa kweli na tunakufurahia. Kinachotuumiza zaidi ni kingine kilichoonekana mwaka 2015/16: wanawake asilimia 58 walikubali kwamba mume anaweza kuwa na sababu ya kumpiga mkewe, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Mtoto wa kike amelelewa akiambiwa avumilie, kikao cha ukoo kimemrudisha kwa mume na mbuzi wa faini, na siku ya harusi yake mwenyewe mashangazi walimwambia ya chumbani hayatoki. Funika kombe mwanaharamu apite. Kombe limefunikwa mpaka watu wamekufa.

Ukipigwa: kama una jeraha kubwa, hospitali kwanza, karatasi zitafuata. Kisha Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na uombe fomu ya PF3 ijazwe na daktari. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na mshauri hupatikana mahali pamoja. Kwa mtoto, simu ya bure ni 116. Mwanaume anayepigwa na mkewe naye aende dawatini. Wapo, wanaona aibu, na wanastahili kusikilizwa bila kuchekwa.

Pengo moja kubwa la sheria litajwe hapa: mume akimlazimisha mkewe tendo la ndoa, Kanuni ya Adhabu inaliita kubaka pale tu wanapokuwa wametengana.

Mabinti siku hizi wanasoma. Hapo si tumemaliza?

Wanasoma na wanafaulu, ni kweli. Na Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa kujifungua anaweza kurudi. Kwa miaka mingi kabla ya hapo alifukuzwa, na aliyempa mimba akaendelea na biashara zake.

Lakini tembelea shule za kata zilizo mbali na vijiji. Wasichana wa miaka kumi na minne wamepanga mageto, wawili watatu kwenye chumba chenye mlango wa kufungwa kwa waya, wazazi wako kilomita ishirini. Unga ukiisha katikati ya mwezi, kijana wa bodaboda ana fedha ya chipsi. Sheria ya Elimu tangu 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na kesi nyingi zinafia kwenye mazungumzo ya familia mbili. Kijiji kilichojenga hosteli kimemlinda binti kuliko kijiji kinachosubiri hakimu.

Umri wa kuolewa ni upi?

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana, au hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinavunja Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mzazi anayekuambia "sheria inaruhusu kumi na tano" mjulishe hukumu hizo.

Mbona hamsemi kuhusu wasichana wa kazi?

Tunasema, na hapa tunazungumza na wanawake wenzetu.

Ukitaka dada wa kazi Dar es Salaam, utaambiwa tafuta wa Iringa, ni wachapakazi na hawana maneno. Sifa hiyo imegeuka biashara. Dalali anapita vijijini Kilolo, Mufindi na Njombe baada ya matokeo ya darasa la saba, anazungumza na mzazi, analipa nauli, na binti anapandishwa basi na mfuko wa plastiki wenye nguo mbili. Mshahara anaoahidiwa hapewi karatasi. Anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Mara nyingine mshahara unatumwa kwa mzazi, au "unatunziwa". Akisumbuliwa na baba wa nyumba au kijana wa nyumba, anayefukuzwa ni yeye.

Kaka zake waliofeli darasa lilelile hawakupandishwa basi hilo. Waliachwa wajaribu ufundi, au kutafuta bodaboda. Mzazi aliyemtoa binti ili ada ya kaka ipatikane amefanya uchaguzi, hata kama ni umaskini uliomsukuma. Sheria ya kazi hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye juu ya hapo ana haki ya mkataba, mapumziko na mshahara wake mkononi mwake. Kabla binti hajaondoka: jua jina kamili la mwajiri, mtaa anakoishi na namba ya mjumbe wa huko, na binti awe na simu. Asiyekubali kutoa hayo, usimpe mwanao.

Bosi au mwalimu anataka "nimwone" ndipo nipate ninachostahili.

Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU wanapokea taarifa bure kwa namba 113. Usifute ujumbe wake hata ukikukera kuuona, na usiende kumkabili peke yako.

Wanaume nao wanaonewa. Mikopo ya wanawake, viti maalum vya wanawake. Sisi je?

Mikopo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inagawanywa hivi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Kijana wa kiume yumo. Viti maalum vipo kwa sababu wanawake ni zaidi ya nusu ya Watanzania kwa sensa ya 2022, na majimboni bado wanachaguliwa wachache sana.

Lakini swali lako lina ukweli ndani yake ambao hatutaki kuuruka. Utaratibu huu unawaumiza wanaume pia. Chukua VVU. Kwa utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23, maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati ya nchi ni 4.4. Wanawake nchini wameambukizwa zaidi, asilimia 5.6 dhidi ya 3.0 ya wanaume. Hata hivyo wanaume ndio wanaochelewa kupima na kuanza dawa, kwa kuwa mwanaume anafundishwa kwamba kliniki ni ya kina mama na kuumwa ni udhaifu. Tumewazika vijana ambao vidonge vilikuwa bure kwenye zahanati ya kijiji chao.

Mimi ni mume, nimekubali. Tunawekaje majina yote mawili kwenye shamba?

Asante, kaka. Nenda ofisi ya kijiji pamoja na mkeo, umwambie mtendaji mnaomba hakimiliki ya kimila kwa pamoja. Mtajaza fomu ya maombi na halmashauri ya kijiji itaijadili. Siku ya kuhakiki mipaka nendeni wote wawili shambani, majirani wamwone mama akionyesha mpaka, kwa sababu hao ndio watakaotoa ushahidi miaka ishirini ijayo. Hati ikiandaliwa mtasaini wote, au mtaweka dole gumba wote, na kumbukumbu itabaki masjala ya ardhi ya kijiji. Kama kijiji chenu bado hakijapimwa au hakina masjala, ulizeni kwa afisa ardhi wa halmashauri ya wilaya, na wakati mnasubiri andikeni makubaliano yenu mbele ya mtendaji na mashahidi.

Karani akiuliza jina la mke, msikubali aandike "Mama Neema" au "mke wa" fulani. Aandike majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi, na msome kabla ya kusaini.